Baraza la mbao nyuma ya nyumba kwenye mteremko, Kigoma: nianzie wapi?

Mkazi wa Mteremkoni (Kigoma)

Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu habari za kazi. Ninaishi Kigoma mjini, upande wa vilima, katika nyumba ya tofali za kuchoma ambayo nyuma yake ardhi inateremka kuelekea ziwani. Sijapakana na maji. Kutoka kwangu hadi ufukweni ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Sakafu ya nyumba iko juu ya ardhi kwa kiasi cha magoti, lakini ukitoka mlango wa nyuma na kwenda hatua nne au tano, ardhi imekwisha kushuka zaidi ya kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Mahali hapo hapakaliki. Kiti kinaegemea upande, mvua zikianza mwezi wa kumi na moja panateleza, na hata jiko la mkaa haliwezi kutulia. Ajabu ni kwamba hapo ndipo penye upepo mzuri kuliko kwingine kote kwangu, na jioni hewa ikiwa safi milima ya Kongo inaonekana ng'ambo.

Nimekusudia kujenga hapo baraza la mbao lililoinuliwa, lenye sakafu inayolingana na ya nyumba, la mita 4 kwa 5 hivi, lenye ngazi ya kushukia bustanini. Fundi aliyekuja kuangalia alinipa mpango wa haraka: nguzo za milunda zichimbiwe ardhini futi mbili, ubao mmoja mrefu upigiliwe ukutani kwa misumari ya nchi sita ili ubebe upande wa nyumba, juu zipangwe mbao za paini, kisha kila kitu kipakwe oili chafu. Alisema kazi yote ni ya wiki moja. Bei yake ilinivutia, lakini moyo unasita, kwa sababu mtaani kwetu mchwa hawamsubiri mtu amalize kujenga.

Naomba ushauri juu ya mambo haya: mbao za aina gani zitafaa kukaa nje, nguzo zisimamishwe vipi, na je, ni salama kulifunga baraza kwenye ukuta? Na kama kuna neno la Kiswahili la kitu hiki, nipeni. Nililiita deki mbele ya mke wangu, akaniletea ndoo na tambara.

Seremala Mstaafu (Tabora)

Marahaba, mwanangu. Mkeo hana kosa, deki ni ya kupigwa kwa maji na sabuni. Chombo cha majini kina sitaha, na ninyi watu wa Kigoma mliokua mkiiona meli ya Liemba mnalijua neno hilo kuliko sisi wa bara kavu. Mimi nitaliita baraza la mbao, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya baraza, yaani watu kukaa na kuzungumza.

Nimefanya useremala kwa zaidi ya miaka thelathini hapa Tabora, na jambo ninalotaka ulishike kabla hujanunua ubao hata mmoja ni hili: baraza la mbao huanza kufa kutokea chini. Watu hutumia fedha zao kwenye mbao za juu zinazoonekana, wakachagua rangi na vanishi, kumbe pale nguzo inapokutana na udongo, pale boriti (mbao zinazobeba sakafu) inapokutana na mhimili (ubao mnene unaobeba boriti), na pale ubao unapogusana na ukuta ndipo maji yanapolala na mchwa wanapoingia. Mpango aliokupa fundi wako una kasoro katika sehemu hizo zote tatu.

Nianze na ukuta. Ubao unaopigiliwa ukutani hubeba karibu nusu ya mzigo wa baraza zima, na misumari haikuumbwa ili ivutwe. Hata Marekani, ambako nyumba nyingi zina mabaraza ya namna hii na ambako kuta zenyewe ni za mbao, muungano huo ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za mabaraza kuporomoka, na ndiyo maana kanuni zao zinataka bolti au skrubu nene za kazi hiyo mahali pa misumari mitupu. Wewe ukuta wako ni wa tofali za kuchoma na udongo au saruji kidogo katikati. Msumari ukiingia tofali linapasuka, na lisipopasuka leo litalegea baada ya misimu miwili ya mvua. Tena nyuma ya ubao huo maji yatapita na kuulowesha ukuta hadi ndani. Kwa nyumba ya tofali ninashauri baraza lisimame lenyewe kwa nguzo zake pande zote, likiwa limeachana na ukuta kwa sentimita 2 au 3, na sakafu yake iwe chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 5 ili maji ya mvua yasigeuke na kuingia sebuleni.

Pili ni nguzo. Mti uliochimbiwa huoza mahali pamoja, nao ni pale unapotokeza juu ya ardhi, kwa sababu hapo pana unyevu na hewa kwa pamoja. Chini zaidi hakuna hewa ya kutosha na juu zaidi hakuna unyevu wa kutosha. Kuuzungushia zege hakusaidii, na mara nyingi kunadhuru, kwa kuwa mti ukikauka unasinyaa na kuacha mwanya kama kikombe ambacho hujaa maji kila mvua inyeshapo. Mbao zako zisiguse ardhi kabisa. Simamisha nguzo fupi za zege zenye nondo, juu yake chimbia vipande vya chuma vyenye umbo la herufi U, na mihimili ya mbao ikae ndani ya vyuma hivyo na kufungwa kwa bolti. Mchwa wa ardhini hawezi kutembea juani. Ili apande kwenye zege ni lazima ajenge njia yake ya udongo, nawe ukipita na kurunzi mara moja kwa mwezi utaiona na kuibomoa. Ndani ya mlunda uliochimbiwa hupandia katikati, na unamjua siku mguu wa mgeni unapozama.

Kuhusu mbao, kila mti una tabia yake. Mninga wa kwetu ni mti mtulivu: ukikauka hausinyai sana wala haupindi, na kiini chake chekundu kinastahimili, lakini ile sehemu nyeupe ya nje ni chakula cha wadudu na inapaswa kukatwa yote. Tatizo ni bei, na mimi kwa maoni yangu mninga uliokaa porini miaka mingi unastahili kuwa mlango au kitanda cha arusi kuliko kukanyagwa na kulowa. Mkola, ambao wengine huuita mkongo, ni mgumu na mzito na huvumilia nje kuliko mninga. Ukiupata kihalali ni ubao mzuri wa kukanyagia, ila utakuvunjia misumari usipoutoboa kwanza kwa keekee. Mkaratusi hupasuka na kujinyonga. Paini bila dawa usiifikirie hata kidogo, lakini paini iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, ile yenye rangi ya kijani, inafaa vizuri kwa boriti na mihimili, na hata kwa sakafu kama mfuko ni mwembamba. Ujue pia kwamba dawa hizo za kijani huwa na shaba, na shaba hula chuma kitupu, kwa hiyo skrubu, bolti na misumari yote iwe ile iliyopakwa zinki.

Nitumie vipimo halisi vya mteremko, tuendelee.

Mama wa Bangwe

Kaka Mkazi wa Mteremkoni, msikilize mzee huyo, kwa sababu mimi nililipa ada ya somo hilo. Mwaka 2019 tulijenga baraza karibu sawa na unaloelezewa na fundi wako: nguzo za mkaratusi zilizochimbiwa, ubao wa ukutani wenye misumari, oili chafu kila mahali. Kwa miezi sita ya kwanza lilikuwa pambo la mtaa. Kiangazi kilipofika mbao zilisinyaa, kwa kuwa zilinunuliwa mbichi, na nafasi kati ya ubao na ubao zikawa pana kiasi cha kumeza kisigino cha kiatu. Hayo tuliyavumilia. Siku ya kupokea wageni wa posa ya binti yetu, watu kama thelathini walikuwa juu yake wakila, na wengi walisogea ukingoni kutazama mtumbwi uliokuwa ukiingia na ngoma. Kona ya upande wa ziwa ilishuka polepole, kisha ubao wa ukutani ukachomoka na tofali nne. Tunamshukuru Mungu kwamba lilikuwa la kimo cha mita moja tu. Mgeni mmoja aliteguka kifundo cha mguu, na sinia mbili za pilau ziliteremka bondeni zikiwa nzima. Posa haikuvunjika, lakini shemeji zetu hadi leo wakija wanaomba kukaa ndani.

Tulipoifukua ile nguzo ya konani, nje ilikuwa mti na ndani ilikuwa udongo wa mchwa.

Ninaongeza mambo mawili ambayo hukuyauliza. La kwanza ni ukingo wa kuzuia watu wasianguke. Kanuni za ujenzi za Marekani hutaka ukingo pale ambapo sakafu iko juu ya ardhi kwa zaidi ya sentimita 76, wenye kimo cha walau sentimita 91, na nafasi kati ya fimbo na fimbo isiyopitisha mpira wa sentimita 10, ili kichwa cha mtoto mchanga kisipenye. Sisi tulipojenga upya tuliuweka kimo cha mita moja kamili. Fimbo zisimame wima; ukizilaza umemjengea mtoto ngazi ya kuparamia.

La pili ni kibali. Kaulize halmashauri kabla ya kuchimba, maana baraza la kudumu lenye nguzo za zege ni nyongeza ya jengo, na huku kwetu mtaa una macho. Wewe uko mbali na ufuko, lakini kwa wengine wanaosoma hapa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na hata kama sheria isingekuwepo, wote tuliokuwapo miaka ya hivi karibuni tuliona jinsi maji ya Tanganyika yalivyopanda na kuingia katika nyumba za watu na vibanda vya ufukweni.

Fundi Mwashi (Kasulu)

Mimi ni mtu wa saruji na ninakiri kwamba nina maslahi yangu, lakini nauliza: kwa nini mbao? Baraza la zege haliliwi na mchwa wala halihitaji kupakwa chochote. Kwenye kiwanja tambarare nisingemruhusu ndugu yangu ajenge la mbao hata kidogo.

Hata hivyo nimesoma tena maelezo ya mteremko, na nitasema kweli. Ili upate sakafu ya zege iliyolingana mahali pale, itakubidi ujenge ukuta wa mawe wa kuzuia udongo wenye kimo cha mtu, ujaze kifusi nyuma yake, ukishindilie kwa tabaka nyembamba nyembamba, na uache matundu ya kutolea maji chini ya ukuta. Watu wengi huruka kushindilia, wakamwaga kifusi kwa lori na kupiga sakafu juu yake wiki ile ile. Msimu wa kwanza wa mvua kifusi kinashuka, sakafu inabaki inaning'inia, inapasuka. Na wanaosahau matundu ya maji hupoteza ukuta wenyewe, kwa sababu udongo uliolowa husukuma kuliko udongo mkavu. Gharama ya ukuta huo pekee inaweza kushinda baraza lote la mbao. Kwa hiyo katika mteremko kama wako mbao zina hoja: zinaupita mteremko kwa juu na kuuacha ulivyo.

Nguzo za zege alizotaja mzee zifanywe hivi. Chimba hadi ufikie udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa, usipungue sentimita 60, na usidanganyike na kifusi cha kiwanja kilichokatwa wakati wa kujenga nyumba, maana upande wa chini wa nyumba za vilimani mara nyingi ni udongo uliotupwa. Kitako kiwe sentimita 50 kwa 50 na unene wa 20, kikiwa kimelala sawa. Usikilaze kufuata mteremko, la sivyo kitateleza. Juu yake inuka nguzo ya sentimita 23 kwa 23 yenye nondo nne za milimita 12 na ringi za kuzifunga pamoja. Zege liwe la saruji moja, mchanga miwili, kokoto minne, na limwagiliwe maji kwa siku saba. Kichwa cha nguzo kikwangue kiwe na mgongo kidogo ili maji yasituame chini ya chuma. Nguzo ndefu za upande wa bonde zifungwe pamoja kwa mbao za mshazari zilizotiwa bolti, kwa sababu baraza lisilofungwa mshazari huyumba watu wakicheza ngoma, na kuyumba ndiko kunakolegeza kila kitu kingine.

Mkazi wa Mteremkoni (Kigoma)

Nawashukuru wote. Mama wa Bangwe, pole sana. Nimemsomea mke wangu habari ya sinia za pilau, na sasa yeye ndiye anayesisitiza tusifanye haraka.

Nimepima kwa mpira wa maji (ule wa kulinganishia usawa) nikisaidiwa na kijana wangu. Sakafu ya nyumba iko sentimita 60 juu ya ardhi mlangoni. Mita 3.6 kutoka ukutani ardhi imeshuka sentimita 120 zaidi. Ngazi ikishukia upande wa kusini, mahali itakapotua patakuwa chini ya sakafu ya baraza kwa mita moja na nusu. Nimekwenda halmashauri na nimeambiwa nipeleke mchoro wenye vipimo.

Nimeamua kutumia paini ya dawa kwa sehemu zote, kwa sababu mkola niliooneshwa haukuwa na karatasi yoyote. Naomba hesabu ya mbao ili nisinunue kupita kiasi. Pia naomba kuelewa kama oili chafu ina faida yoyote, kwa kuwa fundi wangu anaiamini kama dawa ya babu.

Seremala Mstaafu (Tabora)

Umefanya vizuri kuukataa mkola usio na karatasi. Mbao za miti ya asili zinaposafirishwa zinapaswa kuwa na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mnunuzi wa mbao za wizi huzipoteza mbao na fedha kwa pamoja. Vivyo hivyo mtu akija kukuuzia mataruma ya reli kuwa nguzo, mwambie hapana, hiyo ni mali ya umma.

Sasa hesabu, na hapa nitakuomba upunguze tamaa kidogo. Ulitaka mita 4 kwa 5. Mbao zetu zinauzwa kwa urefu wa futi 12, yaani mita 3.66. Ukijenga mita 4, kila ubao wa sakafu utahitaji kiraka cha sentimita thelathini na kitu, na kila kiraka ni mwanya mwingine wa maji. Fanya baraza liwe mita 3.6 kutoka ukutani kwenda nje, na mita 4.8 kufuata urefu wa ukuta. Unapoteza chini ya mita 3 za mraba, lakini kila ubao wa sakafu unakaa mzima bila kiungo, ukibakiwa na sentimita 6 za kunyoosha ncha. Kuna zawadi nyingine ndani ya vipimo hivyo: ukifunga uzi kwenye vigingi vinne, mshazari kutoka kona hadi kona utatoka mita 6 kamili, kwa kuwa ni ile kanuni ya tatu, nne, tano iliyozidishwa: pande zikiwa tatu na nne na mshazari tano, kona ni mraba. Usipotoka mita 6, kona zako si mraba, na usichimbe shimo hata moja hadi utoke.

Mihimili iwe mistari mitatu inayotoka ukutani kwenda bondeni, mmoja kila mwisho na mmoja katikati, ikiachana mita 2.4. Kila mhimili ni mbao mbili za nchi mbili kwa nane zilizobanwa pamoja kwa bolti, na umekaa juu ya nguzo tatu zilizoachana mita 1.8. Hizo ni nguzo tisa na mbao sita za mbili kwa nane. Juu ya mihimili laza boriti za mbili kwa sita sambamba na ukuta wa nyumba, kila sentimita 40, mistari kumi. Kila mstari una vipande viwili vinavyopishana ubavu kwa ubavu juu ya mhimili wa kati, kwa hiyo unahitaji mbao ishirini. Kila ubao wa futi 12 ukiukata mita 2.5 utabakiwa na kipande cha zaidi ya mita moja. Usikitupe, kitatoa vizuizi vitatu vya kupigilia kati ya boriti na boriti ili zisilale upande. Unahitaji vizuizi 27, na vipande vitakavyosalia vitapunguza gharama ya ngazi. Mbao za sakafu za moja kwa sita zikipigwa randa hubaki na upana wa sentimita 14 hivi. Ukiacha mwanya wa milimita 5 unapata mbao 33. Nunua 36, kwa sababu daima kuna tatu zenye jicho baya.

Kwa nini ninang'ang'ania nguzo tisa? Viwango vya Marekani huhesabu mzigo wa watu na samani kuwa paundi 40 kwa futi ya mraba, yaani karibu kilo 195 kwa mita ya mraba. Kwa baraza lako hiyo inazidi tani 3.3, na nguzo ya katikati peke yake inapaswa kuwa tayari kupokea zaidi ya kilo 800 bila kuhesabu mbao zenyewe. Ukiona ni nyingi, kumbuka posa ya Bangwe.

Mbao zikishafika, usizijenge siku hiyo. Zipange kivulini juu ya vipingamizi, kila safu ikiwa na papi (vipande vyembamba vya mbao) katikati ya kupitisha hewa, uzito juu, kwa mwezi mmoja au miwili ya kiangazi, na kisha ndipo ule mwanya wa milimita 5 utabaki kuwa mwanya. Ukijenga na ubao mbichi, zigusanishe kabisa, zitaachana zenyewe. Kila ncha iliyokatwa ina kiu kuliko uso wa ubao, na dawa ya kiwandani haifiki moyoni, basi ipake dawa ya mbao mara mbili kabla ya kuifunga. Boriti nyingi zina mgongo kidogo. Mgongo ukae juu, mzigo utaunyoosha. Sakafu uifunge kwa skrubu, mbili kila boriti, kwa maana msumari huinuka baada ya mwaka na kumchana mtoto unyayo.

Ngazi ya mita moja na nusu igawe hatua nane, kila moja sentimita 18.75, na kanyagio la sentimita 28. Itakwenda mbele karibu mita 2. Hatua zote zilingane kabisa, maana mguu huhesabu bila kumwuliza mwenyewe.

Muuza Mbao (Mwanga)

Kwa faida ya mnunuzi: rangi ya kijani ya nje si ushahidi kwamba dawa imeingia. Wapo wanaochovya au kupaka kwa brashi. Omba ubao mmoja ukatwe sentimita 30 kutoka nchani, utazame ndani. Iliyotiwa kwa mgandamizo huonesha kijani iliyoingia kutoka pande zote, na iliyopakwa ina mstari mwembamba kama wa kalamu. Muuzaji akikataa kukata, hama duka. Mabaki ya mbao hizo usiyapikie wala kuyaotea moto, kwa kuwa nyingi hutiwa dawa yenye arseniki na kromiamu pamoja na shaba, na moshi na majivu yake ni sumu. Unga wake ukikata usiuache bustanini.

Mama wa Bangwe

Na oili chafu mzee hukuijibu.

Seremala Mstaafu (Tabora)

Sikuijibu kwa sababu nimeitumia miaka mingi na ninaona haya. Oili chafu hukaa juu ya ubao, haiingii ndani. Mchwa huikwepa ikiwa mbichi, ikikauka au kuoshwa na mvua hupita kama kwamba haikuwapo. Wakati huo huo imekwisha kuharibu nguo za wageni, na ile iliyooshwa ina masizi na madini ya injini. Kwa mtu wa Tabora inaishia kwenye udongo wake. Kwa mtu wa mteremkoni Kigoma inashuka na maji ya mvua kwenda ziwani ambako mnavua migebuka na dagaa mnaokula. Paka dawa ya mbao inayouzwa kwa kazi hiyo, na chini ya baraza ondoa majani na mabaki ya mbao za ujenzi, maana hayo ndiyo hualika mchwa.

Mkazi wa Mteremkoni (Kigoma)

Ninarudi na habari ya jana. Tulifunga uzi, na mshazari wa kwanza ulitoka mita 6 na sentimita 7. Tulihamisha kigingi cha upande wa ziwa mara tatu hadi ukatulia kwenye 6, na wa pili pia. Fundi wangu alipoona hivyo alinyamaza, kisha akasema nguzo za zege atazijenga yeye mwenyewe, ila wiki moja haitatosha. Nimemkubalia.

Shida ni moja. Shimo la nguzo ya katikati kabisa limekutana na mzizi wa mwembe mnene kama paja, kwenye kina cha sentimita 40. Mwembe wenyewe ndio utakaotupa kivuli cha saa kumi, jua linapolipiga baraza uso kwa uso. Niukate mzizi?

Seremala Mstaafu (Tabora)

Usiukate. Lisogeze shimo sentimita 20 kuelekea nyumbani, likiwa bado chini ya mhimili ule ule. Mita 2 kutoka nguzo hadi nguzo mhimili wa mbili kwa nane maradufu utazibeba. Zaidi ya hapo niulize kwanza. Na ule mzizi uufunike leo leo kwa udongo wenye unyevu, usiuache juani hadi kesho.